Mtunga Programu na Watoto wa Kibaale



Wazazi wengi siku hizi wana kijana aliyemaliza shule ya sekondari, naye akiulizwa anataka kazi gani hujibu: "Nataka kutunga programu za kompyuta." Baba hunyamaza. Kijana angalisema ualimu, uuguzi, useremala au udereva, baba angalijua la kumwambia. Lakini kazi hii hajaiona ikifanywa. Hajui mtu huyo hushika nini mkononi, huuza nini, wala ana faida gani kwa jirani zake. Mama naye huogopa kwamba mtoto atajifungia chumbani na kioo chake, asijue tena kama mgonjwa wa nyumba ya pili amepona ama amekufa.

Basi leo nitawasimulia habari za mtu mmoja wa kazi hiyo. Jina lake ni Bram Moolenaar, Mholanzi, naye amekwisha kufariki. Nimemchagua yeye, wala si wale matajiri wa Marekani ambao magazeti hayachoki kuwataja, kwa sababu kazi yake ilifika hata vijiji vya Uganda, wilaya ya Rakai, karibu na mpaka wa Tanzania.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Kompyuta ni mashine ya utii. Haina akili yake. Hufanya lile ililoagizwa, basi. Maagizo hayo ndiyo programu. Unapompelekea mama yako fedha kwa simu, ujue kuna mtu aliyekaa kitako mahali fulani akaandika: kwanza uliza namba ya siri, ikiwa si yenyewe, kataa, ikiwa ndiyo, angalia kama salio latosha, likitosha, punguza huku, ongeza kule. Aliandika hayo mstari kwa mstari, kwa lugha ambayo mashine hutengenezewa njia ya kuifuata. Akisahau mstari mmoja, fedha zaweza kupungua huku zisiongezeke kule. Ndiyo kusema kazi hii ni kufikiri mapema kila jambo litakaloweza kutokea, na kuliandikia agizo lake. Ni kazi ya subira kuliko ya werevu, ingawa wenyewe hawatapenda nikisema hivyo.

Sasa, seremala ana randa na msumeno, na mtunga programu naye ana chombo chake, yaani programu ya kuandikia. Hukaa nayo mchana kutwa, akiandika, akifuta, akihamisha mistari kutoka hapa kwenda pale. Randa ikiwa butu, seremala huchoka kabla ya saa sita. Na chombo cha kuandikia kikiwa kizito, mtunga programu huchoka vivyo hivyo. Moolenaar ndiye aliyetengeneza mojawapo ya vyombo hivyo, kinachopendwa sana duniani. Chaitwa Vim.

Alizaliwa mwaka 1961 huko Lisse, mji mdogo wa Uholanzi uliozungukwa na mashamba ya maua. Alisoma uhandisi wa umeme katika chuo kikuu cha ufundi cha Delft, akamaliza mwaka 1985, akaajiriwa na kampuni ya Océ, watengenezaji wa mashine za kunakili karatasi, zile ambazo makarani huziita fotokopi. Hapo hamna ajabu. Ni maisha ya fundi yeyote wa Ulaya mwenye mshahara wake wa kila mwezi.

Mwaka 1988 alinunua kompyuta ya nyumbani, aina ya Amiga. Lakini alikwisha kuzoea kuandika kwa programu moja iliyoitwa vi, ambayo ilikuwamo katika mashine kubwa zaidi, na katika Amiga hakuipata.

Hiyo vi ina historia yake. Iliandikwa mwaka 1976 na kijana Mmarekani, Bill Joy, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Siku zile mtu aliyekaa nyumbani aliunganishwa na mashine ya chuo kwa waya wa simu, na herufi zilifika kwenye kioo chake polepole mno, hata jicho lilizitangulia kuzisoma. Kwa hiyo Joy alitafuta njia ya kufanya mengi kwa kugusa vitufe vichache. Akaigawa kazi katika hali mbili. Katika hali ya kwanza herufi ni zana: ukipiga x unafuta herufi moja, ukipiga d mara mbili unafuta mstari mzima, ukipiga u unarudishiwa ulichoharibu. Katika hali ya pili vitufe hivyo hivyo huandika herufi za kawaida, kama taipu ya karani. Mwenye kuzoea huruka kutoka hali hii kwenda ile bila kufikiri, kama mpiga zeze asiyetazama vidole vyake.

Mgeni lakini hutaabika. Huandika, na maneno hayaonekani. Hupiga kitufe, na mstari unapotea. Akitaka kutoka, haoni mlango. Mwaka 2017 ilihesabiwa kwamba swali moja tu lililoandikwa mahali watunga programu wanapoulizana mambo, swali la jinsi ya kutoka katika Vim, lilikuwa limesomwa zaidi ya mara milioni moja. Mlango upo: ni alama ya nukta mbili, kisha herufi q, kisha kitufe cha kuingiza. Lakini nani atamwambia aliye ndani?

Turudi kwa Moolenaar na Amiga yake. Watu wengine walikuwa wametunga kiigizo cha vi kilichoitwa Stevie, wakakitoa bure pamoja na maandishi yake yote ya ndani, ili anayetaka akitengeneze zaidi. Moolenaar akakichukua. Akaziba palipovuja, akaongeza palipopungua. Alifanya hivyo jioni baada ya kazi, kwa matumizi yake mwenyewe. Tarehe 2 Novemba 1991 akakitoa hadharani kwa mara ya kwanza. Wakati ule watu wengi hawakuwa na intaneti. Kulikuwa na Mmarekani, Fred Fish, aliyekusanya programu za bure za Amiga katika visahani vya sumaku na kuvisambaza, naye aliitia Vim katika kisahani namba 591. Hapo mwanzo jina la Vim lilikuwa na maana ya "kiigizo cha vi". Mwaka 1993 maana ikageuzwa kuwa "vi iliyoboreshwa", maana mwanafunzi alikwisha kumpita mwalimu.

Huo huo mwaka 1993 alikwenda Uganda kwa mara ya kwanza.

Hapa itafaa nieleze mahali penyewe. Kibaale ninayoitaja si ile ya Bunyoro. Ni mji mdogo wa wilaya ya Rakai, kusini mwa Uganda. Watu wake wengi ni wakulima. Chakula kilikuwako, lakini shule zilikuwa zimechakaa tangu utawala wa Idi Amin, 1971 hadi 1979, na vita vilivyofuata. Tena Rakai ndipo palipopata pigo la kwanza la UKIMWI katika Uganda. Mwaka 1982, huko Kasensero, kijiji cha wavuvi ukingoni mwa Ziwa Viktoria, watu walianza kukonda na kufa, na ugonjwa ukaitwa Slim, yaani wembamba. Ng'ambo ya mpaka, mkoani Kagera, wazee wanakumbuka uliitwa Juliana, jina la kitambaa kilichopendwa siku zile. Mwaka 1985 waganga waliandika katika jarida la Lancet la Uingereza kwamba ugonjwa wa Slim wahusiana na kirusi cha UKIMWI. Lakini kujua jina la ugonjwa si kuwa na dawa. Zile dawa za mchanganyiko zinazomwezesha mgonjwa kuishi zilianza kutumika mwaka 1996 katika nchi tajiri, na miaka mingine ikapita kabla hazijafika vijijini kwetu.

Moolenaar aliandika kwamba katika wilaya hiyo yenye watu wapatao 350,000, watoto wapatao 60,000 walikuwa wamefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Wasomaji wa Kagera na wa kando ya Ziwa hawahitaji kuelezwa hesabu hiyo. Walizika. Wanajua nyumba ambamo bibi alibaki na wajukuu tisa, au dada wa miaka kumi na minne akawa ndiye mama. Watoto hawakutupwa, ukoo uliwapokea. Lakini mjomba mwenye watoto wake sita akiongezewa wa ndugu yake watano, ugali utagawanyika, na ada ya shule, daftari, shati na dawa havitapatikana.

Pale Kibaale palikuwa na kituo kilichoitwa Kibaale Children's Centre, kilichojengwa juu ya msingi wa Kikristo, nacho kilisaidia mtoto wa dini yoyote. Kilikuwa na shule ya mfano, zahanati ndogo, na mafunzo kwa walimu na wahudumu wa afya. Toka kiangazi cha Ulaya cha mwaka 1994 hata kiangazi cha mwaka 1995, Moolenaar alikaa huko mwaka mzima kama mtu wa kujitolea. Kazi yake haikuwa ya kompyuta. Alishughulikia maji na usafi.

Nawaomba mtulie kidogo hapa, maana ndipo ninapompendea mtu huyu. Mhandisi wa umeme wa Delft alisaidia kuanzisha mahali pa kutengenezea mabamba ya saruji ya kufunikia vyoo vya shimo, yale mafundi wetu wayaitayo slabu. Sote twajua choo cha magogo na udongo. Mchwa hula magogo, mvua hulainisha udongo, na siku moja mtoto huogopa kuingia, akaenda migombani. Udongo hunywa mkojo, wala huwezi kuusugua. Bamba la saruji lenye nondo ndani halioozi, lasuguliwa kwa maji na ufagio, na tundu lake likifunikwa, nzi hawatoki shimoni kwenda jikoni. Kipindupindu kilikuwa kimelisumbua eneo lile, kadhalika surua. Surua ina chanjo yake, na kwa kipindupindu kinga kubwa ni maji safi na choo.

Mabamba hayo yaliuzwa kwa bei iliyo chini ya gharama ya kuyatengeneza. Angalieni: yaliuzwa, hayakugawiwa. Naona busara hapo. Sote tumeona vitu vya bure vya miradi vimeegemezwa ukutani mpaka vikaota kuvu. Mwenye nyumba aliyetoa fedha yake, hata kidogo, atachimba shimo.

Mwaka ukaisha, akarudi kwao. Wageni wengi wanaotutembelea hufika hapo tu. Huchukua picha, hulia kidogo siku ya kuagana, huandika barua mbili, na kisha kimya. Siwalaumu, kila mtu ana maisha yake. Moolenaar naye alikuwa na ajira ya kurudia. Lakini alikuwa na kitu ambacho wengine hawana: programu iliyokuwa ikienea duniani, nayo hakuwa akiidai hata senti.

Sheria ya matumizi ya Vim aliiandika hivi kwa ufupi: itumie na uinakili upendavyo, bali unahimizwa kutoa kitu kwa ajili ya watoto wahitaji wa Uganda. Akaipa aina hiyo jina, ambalo kwetu twaweza kusema programu ya sadaka. Hakufunga mlango kwa asiyetoa. Hakuweka kipindi cha siku thelathini kisha programu igome, kama wafanyavyo wengine. Alichofanya ni kuandika mwito mlangoni. Mtu afunguapo Vim tupu, bila kutaja karatasi anayotaka, kioo humwonyesha mistari michache: jina la programu, namba ya toleo, jina la mtunzi, na mara nyingi maneno ya kumtaka awasaidie watoto maskini wa Uganda, pamoja na namna ya kupata habari zaidi.

Basi fikirini. Vim hukuta imewekwa tayari katika kompyuta za Apple, na katika nyingi za zile zitumiazo mfumo wa Linux, ambazo nazo ndizo zinazoendesha sehemu kubwa ya intaneti. Hivyo mhandisi wa Tokyo, mwanafunzi wa Brazili, karani wa mitambo wa benki huko London, kila mmoja, akianza kazi asubuhi, huweza kukutana na jina la Uganda. Wengi hupita bila kusoma, kama tupitavyo sisi mbele ya tangazo la zamani kwenye ukuta wa duka. Wengine husoma.

Kwa wale wanaosoma, Moolenaar aliweka mambo wazi kama mtunza hazina wa chama cha kufa na kuzikana. Kulikuwa na chama kidogo cha Uholanzi, ICCF, kilichopokea fedha. Alitaja kiasi: euro 17 kwa mwezi kumtunza mtoto wa shule ya msingi, euro 25 kwa wa sekondari, na kwa zahanati kiasi chochote. Anayemchukua mtoto awe na nia ya kuendelea walau mwaka mmoja, maana mtoto si mche wa kumwagilia siku moja. Gharama za uendeshaji zisizidi sehemu tano katika mia. Na alipojiuliza mwenyewe swali ambalo kila mtoaji huliuliza, yaani nitajuaje kama fedha haziliwi, alijibu kwamba yeye mtunzi wa Vim ndiye mdhamini, kwamba watu wa kituoni awajua kwa sura, na kwamba kituo kilitembelewa karibu kila mwaka kukaguliwa, tena kwa nauli ya wakaguzi wenyewe. Yeye mwenyewe alirudi Kibaale mara nyingi.

Msomaji atauliza: sasa yeye alikula nini? Swali zuri, hasa kwa mzazi anayemfikiria kijana wake. Msije mkadhani aliishi kwa hewa. Alikaa Océ hadi 1997, akafanya kazi za kujitegemea kwa miaka kadhaa, na toka Julai 2006 hadi 2021 aliajiriwa na Google, mjini Zürich, Uswisi, akishughulikia mambo kama kalenda yao, huku sehemu ya muda wake akiitumia kwa Vim. Mshahara ulimlisha, na kwa kuwa alikuwa na mshahara, michango ya watu kwa ajili ya Vim ilikwenda Uganda. Mkulima mwenye shamba la kumtosha ndiye awezaye kutenga mistari ya mihogo kwa ajili ya mjane. Kijana asiye na shamba bado, kwanza apate jembe.

Na kazi ya Vim haikuwa ndogo. Programu haimaliziki kama nyumba. Kompyuta mpya hutoka, watu hugundua kasoro, wengine huleta mawazo. Watunga programu huita kila rekebisho dogo kiraka, nasi tunalielewa neno hilo vizuri kuliko wao. Kati ya toleo la 8.2 la Desemba 2019 na toleo la 9.0 la Juni 2022 viliingia viraka zaidi ya 5,000. Gawanyeni wenyewe: ni vitano na zaidi kwa kila siku, pamoja na Jumapili. Vingine aliviandika yeye, vingine vilitumwa na watu wa nchi mbalimbali, lakini kila kimoja kilipita mkononi mwake, akakisoma, akakijaribu, akakikubali au akakirudisha.

Hapo ndipo penye lawama pia, nami sitaificha. Mlango mmoja wenye bawabu mmoja huwa na msongamano. Mwaka 2014 baadhi ya watu, wakichoka kungojea mabadiliko makubwa waliyoyataka, walichukua maandishi yote ya Vim, kama sheria ilivyowaruhusu, wakaanzisha yao, wakaiita Neovim. Yaliandikwa maneno makali pande zote. Mimi naona wote walikuwa na haki yao: yeye kuogopa kuvunja chombo ambacho mamilioni hukishika kila siku, wao kutaka chombo kiende na wakati. Mwaka 2016, Vim 8.0 nayo ilipata uwezo wa kuendesha kazi nyingine kando wakati mtu anaandika, jambo ambalo hao wenzake walikuwa wakilidai. Na jambo moja linapendeza: katika Neovim pia maneno ya watoto wa Uganda yaliachwa mahali pake. Ndugu waligawana shamba, kisima wakakiacha cha wote.

Kuhusu tabia yake. Alipenda utani wa kimya kimya. Mtu akiita msaada katika Vim kwa alama ya mshangao, kama anayepiga kelele, hujibiwa asifadhaike. Kuna agizo ambalo kazi yake ni kuchora uso unaocheka, basi, halina faida nyingine. Ameficha humo pia mizaha ya hadithi za kuchekesha za Kiingereza, ambazo anayezijua hucheka peke yake ofisini na wenzake wakamshangaa. Kama kuandika programu mchana kutwa hakukumtosha, alitunga pia lugha yake mwenyewe ya kuandikia programu, akaiita Zimbu. Haikuenea. Naona alifanya kwa kujifurahisha, kama mzee afumaye mkeka asioutarajia kuuza.

Mwaka 2000 aliandika makala juu ya namna ya kuandika upesi. Shauri lake lilikuwa la hatua tatu: jitazame ufanyapo kazi ujue unapopoteza muda, tafuta njia ya mkato, kisha irudie mpaka mkono uizoee. Akaonya mtu asijifunze maagizo yote kwa siku moja, bali lile analolihitaji leo. Shauri hilo lafaa hata kwa mama anayepukuchua mahindi.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi wasema Kiswahili. Mwaka 2006, katika toleo la 7.0, Vim ilipata uwezo wa kukagua tahajia, yaani kumwonyesha mwandishi neno aliloliandika vibaya. Ilihitaji orodha ya maneno ya kila lugha, nazo zilipatikana kwa watu waliokwisha kuziandaa na kuzitoa bure. Miongoni mwa lugha zilizowekwa ni Kiswahili na Kinyarwanda. Kampuni nyingi za siku zile hazikuona faida ya kuzishughulikia lugha hizo, maana wateja wao hawakuwa huku. Programu ya sadaka haikuuliza wateja.

Wenzake walimheshimu. Chama cha Uholanzi cha watumiaji wa mfumo wa Unix, NLUUG, kilimpa tuzo mwaka 2008. Yeye naye alijua kuwakumbuka wengine: toleo la 9.0 alilitoa kwa heshima ya Sven Guckes, Mjerumani aliyeisaidia Vim tangu siku za mwanzo, naye alifariki Februari 2022, toleo likiwa karibu tayari.

Mwaka mmoja baadaye zamu ikawa yake. Bram Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Ndugu zake waliwaandikia watu wa Vim kwamba alikuwa na maradhi yaliyozidi kwa haraka katika majuma ya mwisho, na kwamba sehemu kubwa ya maisha yake aliitoa kwa kazi hiyo, na alijivunia wale alioifanya pamoja nao.

Watu wengi waliuliza: sasa itakuwaje? Kazi ya mtu mmoja mara nyingi huzikwa naye. Duka la fundi saa hufungwa siku ya msiba, na saa za watu hubaki ndani. Hapa haikuwa hivyo, kwa kuwa maandishi yote ya Vim yalikuwa wazi tangu awali. Mjerumani Christian Brabandt, ambaye alikuwa msaidizi kwa miaka mingi, alishika usukani pamoja na wenzake, nao tarehe 2 Januari 2024 wakatoa toleo la 9.1 kwa ukumbusho wa Moolenaar.

Na Kibaale? Chama kile cha Uholanzi kilikuwa kimetegemea sana mabega yake, na baadaye kilivunjwa. Lakini kulikuwa na shirika la Kanada lililokuwa likikisimamia kituo kwa miaka mingi, zamani likiitwa Pacific Academy Outreach Society. Hilo ndilo lililopokea kazi, na fedha iliyosalia ikahamishiwa kwake. Siku hizi shirika hilo lina jina lisilohitaji kufasiriwa kwa msomaji wa gazeti hili: laitwa Kuwasha. Mtu akifungua Vim leo na kufuata ule mwito wa watoto wa Uganda, hilo ndilo jina atakalolikuta.